Aliyeitunga The Champ mmemsahau

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu filamu za ndondi niliisoma kwa raha mpaka nilipofika The Champ ya mwaka 1931. Mmemsifu King Vidor aliyeiongoza, Wallace Beery aliyeigiza bondia mlevi na mcheza kamari, na mtoto Jackie Cooper aliyekuwa mwanawe, Dink. Aliyeitunga hadithi yenyewe hamkumgusa kabisa.

Ni mwanamke, Frances Marion. Filamu ile ilipata Oscar mbili, moja ya Beery na nyingine ya Marion kwa hadithi. (Ya Beery, kwa taarifa yenu, aligawana na Fredric March, kwa kuwa walipishana kura moja tu na kanuni za wakati ule zilihesabu hiyo kuwa sare.) Marion alikuwa ameshachukua Oscar ya kwanza kwa The Big House, filamu ya gerezani ambayo Beery huyohuyo alicheza. Kabla yake hakuna mwandishi, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kupata mbili.

Tena mmeisifia kwa pambano la mwisho. Pambano ni zuri, sikatai. Lakini kwangu pigo zito kuliko yote halimo ulingoni, limo jela. Baba yuko ndani huko Tijuana, anataka mtoto aende kwa mama yake aliyeolewa na tajiri. Dink hataki katakata. Basi baba anamchapa kofi ili aondoke akiwa na hasira, na mtoto akishatoka, anaanza kuutwanga ukuta kwa ngumi. Mwandishi mwingine angempa mzee yule hotuba ndefu ya kujutia maisha yake. Marion alimpa ukuta.

Wengi wetu tunaijua zaidi ile iliyorudiwa mwaka 1979 na Franco Zeffirelli, yenye Jon Voight. Kipande chake cha mwisho kinaliza kiasi kwamba watafiti wa saikolojia wamekitumia katika majaribio yao kuwatia watu huzuni. Nayo pia ilitokana na hadithi ya Marion, ambaye alifariki mwaka 1973 bila kuiona.

Mkiandika tena kuhusu filamu hii, naomba jina lake litangulie la Beery.

Msomaji wenu,
Tanga