Mkono wa Bibi Yako

Paje, msimu wa kaskazi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, baba yako ameanza tena kwenda baharini. Ndani ya bahasha hii kuna kitu nimekifunga kwa karatasi nyeusi. Usikifungue mpaka umalize kusoma.

Zile chupa mbili za dawa ya kuchapa picha za buluu kwa jua, ulizoniachia likizo iliyopita, sikuzitupa. Nilifuata maelekezo yako: ile ya kijani gramu 25 kwa maji mililita 100, ile nyekundu gramu 10 kwa maji kiasi hichohicho, nazichanganya nusu kwa nusu chumbani, madirisha nimeyafunga, halafu napaka kwenye karatasi kwa brashi na kuacha ikauke. Za mwanzo ziliniharibikia. Juani picha inashika vizuri, nikiiosha inapauka mpaka inabaki kama madoa. Nikadhani dawa ni mbovu, kumbe ni maji ya kisima chetu. Haya mawe ya matumbawe yanayatia chokaa, na buluu hii haipatani na chokaa wala sabuni. Sasa naoshea maji ya mvua, nakamulia na ndimu kidogo.

Nilianza na mwani, kwa ajili ya ile habari yako ya Anna Atkins, aliyeanza kuchapa mwani wa kwao Uingereza kwa njia hii mwaka 1843, mwaka mmoja tu baada ya mwanasayansi John Herschel kuivumbua. Siku ile sikukujibu kitu. Mimi na bibi yako mwani tukiujua kwa kilo. Yeye alikuwa katika wa mwanzo kufunga kamba za kulimia mwani hapa mwaka 1989. Bamvua likifika, maji yakipwa tu keshaingia, na akirudi mgongo haunyooki. Kukaa na tawi moja ulitazame, nafasi hiyo tungeipata wapi?

Basi nikalaza tawi moja juu ya karatasi, nikaligandamiza kwa kioo, nikalitoa uani saa sita mchana. Dakika kumi. Ile karatasi ya kijani ikageuka buluu, kisha ikaingia rangi ya kijivu kama chuma kikuukuu. Nilipoitia majini kijivu kikatoka chote, buluu ikakolea, na tawi likabaki jeupe, mpaka vile vimiba vyake unaweza kuvihesabu. Nikampelekea bibi yako barazani. Akaitazama kwa muda, akasema, "Huu umevunwa mapema."

Kisha akataka na yeye. Unamjua alivyokuwa hapendi kupigwa picha, hata za harusi yako shangazi yako alimbembeleza weee, na bado kageuza uso. Lakini aliketi kwenye mkeka juani, akaweka mkono juu ya karatasi, mimi nimemshikia mwavuli kichwani, yeye anasoma uradi wake polepole. Mkono wa mzee hautulii. Ndiyo maana utaona kiganja kimetoka cheupe kabisa, na vidole vina ukungu pembeni, hasa kile cha mwisho kilichopinda kwa kukaza kamba miaka yote ile.

Wiki tatu baadaye akatutoka.

Najua ulivyoumia kukosa mazishi, na mimi niliumia kumzika na simu sikioni. Picha zake za simu ninazo, nazitazama. Lakini karatasi hii aliigusa. Pale peupe ni pale jua halikufika, kwa kuwa mkono wake ulikuwapo.

Itundike mbali na dirisha. Jua lililoitengeneza ndilo linaloipausha. Ukiona imefifia usishtuke, wala usiioshe. Ifungie kabatini, gizani, siku kadhaa, rangi itarudi. Ile yangu ya mwani nimeifanyia hivyo na imerudi.

Na ukija, niletee chupa mbili nyingine.

Mama yako