Bao la kugawanya, Jumamosi hii

Habari za jioni walimu wenzangu wa Masasi, Newala na Tandahimba.

Jumamosi tunakutana saa 3 asubuhi, palepale chini ya mwembe. Safari hii ni hesabu za kugawanya, darasa la tatu na la nne.

Tutatumia bao. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64, lakini sisi tutachimba mstari mmoja tu wa mashimo 8, ardhini. Mtoto anachukua kete 19 na kuzisambaza moja moja, akifika mwisho anaanza tena. Baada ya mizunguko miwili kila shimo litakuwa na 2, mkononi zimebaki 3 zisizotosha mzunguko mwingine. Hapo ndipo "baki" inapoeleweka, maana ameishika! Nimewaona watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa kipindi cha hesabu wakigombea zamu, na nilifurahi sana. Kabla hajasambaza, mwambieni akisie jibu na aliandike. Bila kuandika, watacheza tu na kengele italia.

Kwa kete, leteni kokoto au komwe. Korosho ghafi tafadhali hapana: najua msimu zimejaa majumbani, lakini ganda likipasuka mafuta yake yanaunguza ngozi, na watoto hawakosi kuzigonga.

Wenye madarasa makubwa, watoto wanne kwa kila mstari wanatosha: mmoja anasambaza, mmoja anaandika, wawili wanahakiki, kisha wabadilishane.

Atakayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa jioni, tujue idadi ya chai.