Mwanafunzi asikaririshwe insha ya Kiingereza, afundishwe kuipanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na walimu wenzangu wa somo la Kiingereza, pamoja na wazazi wanaowalipia watoto wao masomo ya ziada, kuhusu namna tunavyowaongoza wanafunzi katika uandishi wa insha. Nimelifundisha somo hilo katika shule za sekondari kwa miaka 27, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa wilayani Muheza, na nimestaafu nikiwa bado nina jambo moja linalonielemea moyoni: tunawapa watoto insha zilizokwisha kuandikwa, tunawaamuru wazikariri, kisha tunashangaa kwamba hawajui kuandika.

Atakayepita kwenye maduka ya vifaa vya shule wiki chache kabla ya Novemba, wakati watahiniwa wa Kidato cha Pili na cha Nne wanapojiandaa kwa mitihani yao, atakuta vitini vyenye insha zilizo tayari: umuhimu wa elimu, madhara ya dawa za kulevya, barua ya kuomba kazi, siku nisiyoweza kuisahau. Mzazi hununua kwa nia njema kabisa, na mtoto hukesha navyo kama anayehifadhi shairi. Siwalaumu wauzaji peke yao, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufanya lile lile kwa chaki. Mwaka mmoja niliandika ubaoni insha ya mfano kuhusu siku isiyosahaulika, nikawataka wanafunzi wainakili na kuishika. Miezi mitano baadaye, katika mtihani wa majaribio, niliuliza swali linalofanana na hilo. Katika karatasi 68 nilizosahihisha, 31 zilianza kwa sentensi moja, neno kwa neno, iliyosema kwamba ilikuwa Jumapili asubuhi na jua lilikuwa liking'aa, na zote 31 zilisimulia ajali ya basi ambayo mwandishi alinusurika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupata ajali ya basi. Hawakuibiana majibu, walikuwa wamenitii mimi.

Miongoni mwa wale ambao hawakuikariri alikuwamo kijana mmoja aliyekabidhi karatasi yenye mistari miwili tu. Nilimwita pembeni, na badala ya kumuuliza kwa Kiingereza kwa nini hakuandika, nikamuuliza kwa Kiswahili kama hakuna siku anayoikumbuka maishani mwake. Akanieleza, bila kukwama, jinsi lori lililobeba machungwa ya baba yake kuelekea Kenya lilivyonasa kwenye tope wakati wa masika, jinsi walivyoyapakua usiku kwa mwanga wa tochi, jinsi yalivyoanza kuoza siku ya tatu, na jinsi mnunuzi alivyoikataa bei waliyokubaliana mwanzoni. Kila tukio lilizaa lile lililofuata, kila mtu alikuwa na sababu ya alilolitenda, na mwisho wake ulinigusa. Ilikuwa insha kamili. Kilichokosekana kilikuwa Kiingereza chake tu, na hata hicho hakikukosekana chote.

Tulikaa naye dakika 40. Kwanza aliandika dondoo saba kwa Kiswahili, kila moja katika mstari wake. Kisha nikamtaka afute zile ambazo msomaji angeweza kuishi bila kuzijua, zikabaki nne, naye akazipanga mwenyewe. Baada ya hapo tulitafuta pamoja vitenzi vya Kiingereza ambavyo kila dondoo ilivihitaji: kunasa, kupakua, kuoza, kukataa. Si maneno makubwa. Ni vitenzi vilivyolibeba tukio. Hatimaye aliandika sentensi tisa. Makosa yalikuwa mengi, lakini sentensi zote tisa zilikuwa zake, na kwa mara ya kwanza niliweza kumsaidia kurekebisha kitu alichokusudia kukisema badala ya kitu alichokuwa anajaribu kukikumbuka.

Najua wapo watakaosema kwamba kumruhusu mwanafunzi apange hoja zake kwa Kiswahili ni kumzuia asijifunze Kiingereza, kwa kuwa anapaswa kufikiri katika lugha anayoiandika. Rai hiyo ndiyo iliyozaa vile vibao ambavyo katika shule nyingi mtoto huvishwa shingoni akisikika anazungumza Kiswahili. Sitaki kuufungua hapa mjadala mzima wa lugha ya kufundishia. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Tangu wakati huo mtoto ameendelea kutoka shule ya msingi ya Serikali iliyomfundisha kwa Kiswahili na kuingia Kidato cha Kwanza ambako Historia, Jiografia na Biolojia humsubiri kwa Kiingereza. Huyo ndiye tunayemwambia afikiri kwa lugha ambayo hajaimiliki. Mtu hawezi kufikiri kwa maneno asiyokuwa nayo. Atanyamaza, au atakariri. Dondoo za Kiswahili pembeni mwa karatasi ni jukwaa la fundi: hulisimamisha ili aufikie ukuta, na ukuta ukikamilika huliondoa.

Faida ya pili ya kukifungulia mlango Kiswahili ni kwamba mwalimu anaweza kuyaeleza makosa kwa kuonyesha yanakotoka, jambo ambalo wino mwekundu peke yake haujawahi kulifanya. Chukua kosa la nyakati, ambalo huwachosha walimu kuliko yote. Kwa Kiswahili tunasema: nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikakutana na mjomba. Kiambishi -li- kinataja wakati uliopita mara moja tu, na baada ya hapo -ka- huyabeba matendo yote yanayofuatana bila kuutaja wakati tena. Mwanafunzi anayeandika "I went to the market, buy fish and meet my uncle" hajasahau kanuni aliyofundishwa. Anafuata kanuni nyingine, ya lugha yake, kwa uaminifu mkubwa. Ukimwonyesha sentensi hizo mbili zikiwa sambamba ubaoni na kumwambia kwamba Kiingereza hakina -ka-, na kwamba kila kitenzi cha masimulizi lazima kibebe alama yake ya wakati uliopita, ataelewa kwa dakika tano jambo ambalo majedwali ya vitenzi yalishindwa kumwelewesha kwa muhula mzima.

Ndivyo ilivyo pia kwa anayeandika "My mother he told me". Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi wala katika kiambishi cha kitenzi, na tunaposema "mama yangu aliniambia", ile a- ya kitenzi imekwisha kumtaja mtendaji kwa mara ya pili. Makosa mawili katika sentensi moja, na yote mawili yana asili inayoelezeka. Vivyo hivyo "nyumbani" hubeba maana ambayo Kiingereza huigawa kwa vihusishi kadhaa, kwa hiyo mtoto hubahatisha. Mwanafunzi anayejua kwa nini anakosea huacha kujiona mjinga, na nimeona mara nyingi kwamba hapo ndipo anapoanza kuthubutu kuandika sentensi ndefu zaidi.

Jambo jingine ambalo tumelidharau ni kuandika upya. Desturi yetu ni kwamba mwanafunzi huandika mara moja, mwalimu huijaza karatasi alama nyekundu, maksi hutolewa, na karatasi hutupwa. Mtoto hutazama maksi, halafu basi. Rasimu ya pili ndiyo inayofundisha, kwa sababu ndipo anapolazimika kuyatumia masahihisho. Walimu watasema muda haupo, na wanasema kweli. Darasa la wanafunzi 70, ukitumia dakika tano kwa kila insha, linadai karibu saa sita za kusahihisha, na mwalimu huyo huenda ana mikondo minne. Nilichofanya katika miaka yangu ya mwisho kazini ni kuwataka wote waandike aya moja kila wiki, kukusanya aya 14 tu kwa zamu, na kuwaacha wengine wasomeane wawili wawili, kila mmoja akimwambia mwenzake mahali ambapo hakuelewa. Kila mwanafunzi alinifikia mara moja katika wiki tano, lakini alikuwa ameandika mara tano. Katika aya niliyoisoma nilisahihisha aina mbili tu za makosa, nikamrudishia aandike tena. Wapo wenzangu walioona kwamba kuliacha kosa bila kulisahihisha ni uzembe. Naheshimu bidii yao, ila karatasi yenye alama 40 nyekundu humwambia mtoto jambo moja tu, nalo ni kwamba hawezi.

Niseme pia kuhusu kulisoma swali, maana hapa ndipo kukariri kunapoleta hasara isiyofidika. Aliyekariri hulitafuta neno analolijua ndani ya swali na, akilipata, huimwaga insha yake yote. Akiona neno "elimu" ataandika umuhimu wa elimu, hata kama ameulizwa kwa nini wasichana huacha shule. Hayapiti tena macho yake kwenye kitenzi kinachomwamuru aeleze, alinganishe au atetee hoja. Hasara hiyo huvuka somo la Kiingereza na kufika katika Historia na Jiografia, ambako pia anatakiwa kujibu kwa insha. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na ndani yake huwekwa sampuli za majibu mazuri na dhaifu kama yalivyoandikwa kwa mkono. Taarifa hizo zinapatikana bure katika tovuti ya Baraza. Kwa maoni yangu, kurasa mbili za sampuli hizo, zikisomwa darasani na wanafunzi wenyewe wakijadili kwa nini jibu hili limepata maksi na lile limekosa, zinashinda kitini kizima cha insha za kukariri.

Sisemi kwamba insha ya mfano haina kazi. Ina kazi kubwa, mradi isomwe kama fundi mwanafunzi anavyoichunguza kazi ya fundi mkuu: aya hii inafanya nini hapa, sentensi ya kwanza imeahidi nini, je, ahadi hiyo imetimizwa? Baada ya kuchambuliwa, ifungwe na kuwekwa mbali kabla mtu yeyote hajashika kalamu. Wala sipuuzi shinikizo walilonalo walimu, ambao hupimwa kwa matokeo ya mwaka huu na si kwa jinsi mtoto atakavyoandika akifika chuoni. Yupo mwanafunzi dhaifu ambaye insha ya kukariri humpatia maksi chache ambazo pengine asingezipata. Lakini mwanafunzi huyo huyo, akifundishwa kuandika sentensi tisa zake mwenyewe zinazojibu swali aliloulizwa, hatahitaji kuomba kwamba swali la mwaka huu lifanane na la kitini.

Kwa hiyo nawaomba Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania, zinapoandaa mafunzo ya walimu kazini kwa mtaala mpya, zitenge siku za kutosha kwa ajili ya uandishi peke yake, na ziseme waziwazi katika miongozo kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kupanga hoja zake kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Walimu wengi wanalifanya jambo hilo kwa kujificha, wakihofia mkaguzi atakayeingia na kukuta maneno ya Kiswahili ubaoni katika kipindi cha Kiingereza.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi moja. Gazeti lako huwafikia walimu na wanafunzi ambao hawapati vitabu vya kutosha. Ungetenga robo ya ukurasa kila wiki na kuchapisha aya moja ya mwanafunzi katika hatua zake tatu, yaani dondoo zake za Kiswahili, rasimu yake ya kwanza ya Kiingereza na ile ya pili baada ya masahihisho, bila kumtaja jina wala shule. Mimi niko tayari kukusanya na kuandaa aya za wiki kumi za mwanzo bila malipo. Ya kwanza ninayo, iliyotunzwa kwa ruhusa ya mwenyewe: inahusu lori la machungwa.

Wako katika kazi,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.