Barua kwa mwanangu: siku zako na ndizi za bibi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ililetwa na baba mdogo Jumamosi. Niliisoma jikoni, usiku nikairudia. Unasema siku zako zilikuja mara mbili, kisha miezi miwili kimya, na wenzako bwenini wanakuambia huenda hutazaa. Pole, mama. Si kweli.

Chini ya ubongo ipo tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Hiyo hutia homoni, yaani kemikali za kupeleka ujumbe mwilini, kwenye damu, zikifika kwenye ovari, mahali mayai yako yanapokaa, yai linaanza kukomaa. Ovari nayo hutoa homoni yake, estrojeni, na ukuta wa mji wa mimba unanenepa. Estrojeni ikipanda vya kutosha, pituitari humwaga homoni nyingine kwa mkupuo, yai likatoka. Kifuko lilimotoka yai ndicho kinachotoa homoni iitwayo projesteroni, na projesteroni ndiyo inayoushikilia ule ukuta. Mimba isipotungwa, baada ya siku kama 14 kifuko hunyauka, projesteroni inashuka, ukuta unabomoka. Ndiyo hedhi.

Kwa msichana wa miaka 13, ubongo na ovari bado havijazoeana. Mwezi mwingine yai halitoki kabisa. Lisipotoka hakuna projesteroni, na bila hiyo hakuna wa kuhesabu siku. Miaka ya mwanzo, hata siku 45 kati ya hedhi na hedhi ni kawaida. Njaa na hofu ya mitihani navyo huchelewesha, kwa hiyo usiache uji wa asubuhi. Ila zikipita siku 90, au damu ikizidi siku 7, au pedi ikijaa kila saa moja au mbili, mwambie matroni akupeleke zahanati. Mimi nilipokuwa na umri wako niliambiwa nimerogwa, nikanyamaza mwaka mzima nikilia peke yangu. Wewe usinyamaze.

Unakumbuka bibi anavyovundika ndizi? Anachimba shimo, anatandika majani makavu ya mgomba, anapanga chane moja moja, anafukiza moshi, kisha anafukia. Akifukua, zimekuwa njano na harufu imejaa uani. Moshi ule una ethilini, nayo ni homoni ya mimea. Ndizi inayoiva huitoa yenyewe pia. Na kwa kuwa ethilini ni gesi, haihitaji damu ya kuibeba. Inapita hewani tu, ndizi moja mbivu ikawaivisha majirani zake.

Homoni zako wewe zinatembea ndani ya damu yako tu. Hazitoki kwenda kitanda cha jirani, wala za kwake haziji kwako. Basi acha kuhesabu siku zako kwa kalenda ya mwenzako. Chukua daftari, andika tarehe zako mwenyewe, likizo tutaziangalia pamoja.

Nimempa baba mdogo pakiti nne za pedi na boksi la ndizi. Nimezikata mbichi, ila chini kabisa kuna moja mbivu. Ukitaka zikufikishe wiki ijayo, itoe hiyo kwanza uile.

Mama yako