Kwa maprefe (wakuu wa sekondari), walimu na wazazi wa shule za serikali za Lubumbashi: opsio (mchepuo wa masomo) isingoje siku ya kuandikishwa

Wanangu maprefe na walimu, nanyi wazazi wa komini zetu za Katuba, Kenya, Ruashi na Annexe,

Mtoto akimaliza mwaka wa 8, opsio yake huamuliwa kwa siku chache tu, mara nyingi kwa sababu shule iko karibu au nafasi imebaki. Kisha anaibeba miaka 4 ya homanite, yaani sekondari ya juu. Aliyewekwa Pedagojia (ualimu) huku akitamani uhandisi wa migodi atafika chuoni fizikia yake ikiwa nyepesi. Nawasihi, anzeni mwaka wa 7.

Anzeni na bulteni, karatasi ya alama za mtoto. Jumla ya 62% inaweza kuficha hesabu ya 38%. Shule ifungue daftari moja, ukurasa mmoja kwa kila mtoto, na ndani yake ziandikwe alama za hesabu, sayansi, teknolojia na Kifaransa za kila peryode (kipindi cha alama): 4 kwa mwaka, 8 kwa miaka miwili. Anayepanda hatua kwa hatua apewe nafasi hata kama alianza chini. Anayeshuka hesabu peryode 3 mfululizo asisukumwe Math-Fizikia kwa kuwa baba anataka injinia. Kwanza atafutiwe msaada, ajulikane anakwama wapi. Matokeo ya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuwaelekeza wanafunzi, yasomwe kando ya daftari hilo. Na mwalimu mmoja alishike, apunguziwe saa 4 za kufundisha kwa juma. Kazi ikiachiwa walimu wote, mwezi wa tatu kurasa bado ni nyeupe.

Opsio za ufundi zinadai macho. Mzazi aingie atelie (karakana ya shule) kabla ya kulipa, ahesabu mashine zinazofanya kazi, aulize watoto wangapi wanashiriki kila moja na wana saa ngapi za mazoezi kwa juma. Mtoto wa Umeme aliyechora mota ubaoni bila kuifungua hata mara moja atapata D6 yake, diploma ya kumaliza sekondari, lakini fundi mkuu wa kiwanda cha Likasi au Kolwezi atamtambua siku ya kwanza. Inaniuma, maana kosa si la mtoto.

Kwa Biashara, ulizeni kama uhasibu unafuata SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu wa nchi za OHADA. Nchi yetu imo ndani ya OHADA, muungano wa nchi za Afrika wa sheria za biashara, tangu 2012. Noti zilizonakiliwa kwa kaka mkubwa huenda bado zina mpango wa kale wa uhasibu.

Barua za kuomba staji (mazoezi ya kazi kiwandani au ofisini) zitoke Oktoba. Mkingoja Machi, mtakuta wengine wamekwisha kupokelewa. Barua itaje opsio, idadi ya wanafunzi, tarehe, mwalimu atakayewatembelea, na nani analipa usafiri, kofia ngumu na viatu vya usalama. Asiye na viatu hivyo hurudishwa getini, na staji yake inaishia hapo.

Wazazi, pangeni fedha kwa hesabu mpya. Zamani chuoni graduat, shahada ya kwanza, ilikuwa miaka 3, kisha lisansi 2. Katika LMD, mfumo mpya wa shahada, lisansi ni miaka 3 na masta 2. Jina lilelile, muda mwingine. Asiyetaka chuo kikuu aende INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, akaulize kuhusu mafunzo mafupi ya ufundi.

Mwisho, jina. Liwe sawa, herufi kwa herufi, kwenye cheti cha kuzaliwa, bulteni na orodha ya Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari. Herufi moja ikipotea, faili hukwama wakati wa kujiandikisha chuoni. Prefe abandike orodha ukutani kabla haijapelekwa, na kila mwanafunzi aweke saini mbele ya jina lake.

Mzee wenu,
Kamalondo, Lubumbashi