Barua kwa mwanangu: pima oili ya giaboksi kabla ya kupanda Lushoto

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na goti la baba yako limetulia tangu mvua ilipokatika. Nimesikia kwamba mwisho wa mwezi unakusudia kwenda Lushoto kwa shangazi yako na ile Corolla niliyokuachia. Sikukatazi. Ila gari lile ni la mwaka 1998, tena la otomatiki, na barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, yapata kilomita 33 za kona na mwinuko, haina huruma kwa giaboksi iliyopungukiwa oili. Kwa hiyo nataka uipime mwenyewe kabla hujaondoka Muheza, na uipime inavyopasa, kwa sababu kipimo kilichochukuliwa vibaya kina hasara kuliko kutopima kabisa.

Ukifungua boneti utakuta dipstiki mbili, yaani vijiti vya kupimia oili. Ya injini unaijua. Ya giaboksi iko chini zaidi, upande wa giaboksi yenyewe. Oili ya injini huwa unaipima gari likiwa limezimwa, lakini hii ya giaboksi katika Toyota yako hupimwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa ya moto. Liendeshe kwanza robo saa hadi dakika 20, kisha uegeshe mahali palipo sawa. Usipimie uani kwenu, maana pale pameinama kuelekea mtaroni. Nenda kituo cha mafuta ambako sakafu ni tambarare. Vuta handibreki, acha injini iungurume polepole bila kukanyaga mafuta, na huku umekanyaga breki upitishe mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L, ukitua kidogo katika kila gia, halafu uurudishe P. Sasa ushuke bila kuzima gari. Mtandio wako ufunge kwa nyuma kabla hujainama, kwa sababu feni na mikanda inazunguka. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka iketi kabisa, uichomoe tena, ndipo usome. Kitambaa cha kufutia kiwe safi na kisichotoa nyuzi. Taulo kuukuu halifai, kwani ndani ya giaboksi mna vijia vyembamba vya oili visivyopenda uchafu.

Utaona sehemu mbili zilizowekewa alama. Ya chini, iliyoandikwa COOL, ni ya kukadiria tu gari likiwa halijapata moto. Ya juu, HOT, ndiyo ya kuamulia, na imekusudiwa oili yenye joto la nyuzi 70 hadi 80 hivi. Oili ikipata joto hutanuka na kupanda, na hapo ndipo watu wengi hukosea: mtu hupima asubuhi gari likiwa baridi, akaona oili haijafika HOT, akaongeza, na mchana ikawa imepita kiasi.

Naomba ulielewe jambo hili la kupita kiasi, maana wengi hudhani oili ya ziada ni akiba. Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya mguu; oili ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kupitia toki konveta (chombo cha oili kilicho kati ya injini na giaboksi), ndiyo inayosukumwa na pampu ili kubana klachi za ndani, na ndiyo inayolainisha na kupoza. Ikipungua, pampu huvuta hewa pamoja na oili, presha inashuka, klachi hazibani sawasawa, zinateleza, zinapata moto na kuungua. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huifikia na kuipiga mpaka itoke povu, na povu ni hewa vilevile. Mwenye oili pungufu na mwenye oili ya kuzidi wote huishia na gari lile lile: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari halisogei.

Baada ya kusoma kiwango, usikimbilie kurudisha dipstiki. Mimi rangi na harufu huviamini kuliko alama. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Oili nzuri ni nyekundu na unauona mwanga ndani yake. Ikiwa ya hudhurungi, imechoka na wakati wa kuibadilisha umekaribia. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitunguu kilichoungulia sufuriani, klachi zimeanza kuungua, na oili mpya pekee haitaziponya. Sugua tone kati ya vidole. Ukihisi chengachenga za chuma, lipeleke gari kwa fundi. Na ukiona rangi ya waridi yenye weupe wa maziwa, usiende popote: hayo ni maji ya rejeta yameingia, kwa kuwa oili hii hupozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta.

Giaboksi haili oili kama injini iliyochoka. Ikiwa imepungua, inavuja mahali. Weka kadibodi chini ya gari usiku kucha, na asubuhi uchunguze kwa tochi gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), sili za eksozi... hapana, nilitaka kuandika sili za ekseli, pamoja na mipira inayokwenda kwenye rejeta. Fundi akimwona mwanamke ameshika dipstiki huanza kueleza kwa sauti kubwa. Mwache amalize, kisha umuulize kama anapima gari likiwa la moto au la baridi. Kwa jibu lake utajua kama umwachie ufunguo.

Ukilazimika kuongeza, soma kwanza aina ya oili. Toyota nyingi za zama zile imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe. Yako inatumia Dexron. Usikubali oili ya injini, wala ile ya magari ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), hata muuzaji akiapa kwamba zote ni moja. Mimina kwa faneli nyembamba kupitia tundu la dipstiki, robo lita kwa mara, na upime upya kila mara, kwa sababu kutoka alama ya chini ya HOT hadi ya juu ni kiasi kidogo. Kuongeza ni rahisi. Kupunguza ni kulala chini ya gari.

Utaratibu huu ni wa Corolla yako. Jirani yetu mwenye Honda ya zamani huzima injini kwanza ndipo apime mara moja, na ndivyo Honda zile zinavyotaka. Gari jipya la kaka yako halina dipstiki ya giaboksi kabisa, kwa hiyo asikuombe umpimie. Kitabu cha gari lako kimeandikwa Kijapani kama cha magari mengi yaliyotoka huko, lakini michoro yake inasomeka.

Siku ya safari, ukifika Mombo baada ya mwendo wa kasi juani, oili itakuwa ya moto kupita hata kiwango cha HOT, na ukiipima hapo hapo itakudanganya. Zima gari, kula chakula cha mchana, ngoja nusu saa, kisha uwashe na kupima. Wakati wa kupanda zima O/D, ile gia ya juu kabisa, na usilisukume gari, na wakati wa kushuka weka 2 ili usiunguze breki. Lita moja ya Dexron nimempa dereva wa Noah ya Muheza, ataileta Ijumaa. Iweke kwenye buti pamoja na faneli.

Msalimie shangazi yako, na umwambie mbegu za maharage alizoahidi bado nazisubiri.

Wako akupendaye,
Mama