Malalamiko kuhusu seva mbili mlizoziunganisha bila kuzitambulisha

Ofisa TEHAMA,
Chama cha Akiba na Mikopo,
Morogoro.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Huduma za Seva,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita diski ya seva yetu ya Dodoma ilikufa. Fundi wenu alikwenda, akafunga diski mpya, akasimika mfumo upya, akasaini kitabu cha wageni na kuondoka kabla ya adhuhuri. Kwa hilo sina neno. Kijana alifanya kazi haraka na kwa adabu. Usiku ule nilikaa macho hadi saa nane, muda ambao seva ya Morogoro hutuma nakala za kumbukumbu za wanachama kwenda Dodoma. Seva iliyosimikwa upya huzaliwa na ufunguo mpya wa utambulisho. Nilitegemea basi kwamba Morogoro itagoma, ipige kelele kuwa huyu wa Dodoma si yule iliyemzoea, nami nithibitishe ufunguo mpya kwa mkono wangu. Haikugoma. Saa nane na dakika tano kazi ikaanza, saa nane na arobaini ikaisha, na ripoti ikaandika kwamba yote yamefanikiwa.

Usingizi uliniruka hapo hapo.

Nilifungua mipangilio mliyotuachia, ambayo nakiri sikuwahi kuikagua tangu tuipokee, na kosa hilo ni langu. Nilikuta StrictHostKeyChecking, agizo la kukagua ufunguo wa seva ya upande wa pili, limewekwa "no", yaani hapana. Chini yake, faili ambalo seva hutunzia funguo za wenzake inaowafahamu limeelekezwa kwenye /dev/null, shimo la Linux ambalo kila kiingiacho hakitoki. Kwa lugha ambayo bodi yetu inaielewa, mmeiambia seva isimuulize mgeni jina, na hata akijitaja mwenyewe, isimkumbuke kesho. Mashine yoyote ambayo ingefanikiwa kuitikia kwa anwani ya Dodoma, katika njia hii ya intaneti ya zaidi ya kilomita 250, ingepokea usiku mmoja majina ya wanachama, namba zao za NIDA, mishahara yao na madeni yao.

Nilipowaandikia, mlinijibu kwamba nisiwe na wasiwasi kwa sababu data husafiri ikiwa imesimbwa. Ni kweli imesimbwa. Lakini mtu akiifunga barua kwa lakiri, kisha akamkabidhi yeyote aliyeitikia hodi, lakiri imemsaidia nini? Usimbaji huzuia wa njiani asisome. Kujua aliye mwisho wa njia ni kazi nyingine, na ndiyo tuliyowalipia. Ankara yenu ina mstari unaosema "kujenga uaminifu kati ya seva mbili", shilingi 1,850,000. Uaminifu haukujengwa. Kilichofanyika ni kuondoa bawabu getini.

Yaliyofuata ni mabaya zaidi. Ufunguo ambao Morogoro huutumia kuingia Dodoma una maandishi madogo mwishoni, yale ambayo programu huyaweka yenyewe kuonyesha ulikotengenezwa. Niliyasoma mara tatu. Ulitengenezwa kwenye mashine ya taasisi nyingine kabisa, mteja wenu mwingine, ambaye sitamtaja hapa kwa sababu naye ana haki ya kusitiriwa. Nikampigia fundi wenu. Akanijibu bila kigugumizi kwamba ndio ufunguo mnaoutumia kwa wateja wengi "ili tusisumbuke". Na kweli, nikipekua kundi letu la WhatsApp la mradi, nauona ufunguo wa siri, ile nusu ya ufunguo isiyopaswa kuonwa na mtu mwingine, umetumwa humo kama faili la kawaida, hauna nywila, katikati ya picha za kebo na ujumbe wa kutakiana Idi njema. Wawili kati ya waliomo kwenye kundi hilo hawafanyi kazi tena kwenu. Nimewauliza wenyewe.

Maana yake, aliye na ufunguo wa mteja mmoja kati ya wateja hao anao wa wote. Nasi tunaingizwa Dodoma kwa akaunti ya msimamizi mkuu, ile isiyokatazwa chochote. Tena rsync, programu inayonakili mafaili kutoka seva moja kwenda nyingine, mmeipa agizo la kufuta Dodoma kila kilichofutwa Morogoro. Leo mtu akiiteka seva ya Morogoro na kufuta daftari la mikopo, hahitaji kuhangaika na Dodoma. Saa nane usiku mfumo wenu utamfutia. Nakala inayoiga hadi maangamizi ya mwenzake mimi siiti nakala rudufu. Ni kivuli.

Dawati lenu la huduma kwa wateja liliponipokea, swali la kwanza lilikuwa kama nimejaribu kuzima na kuwasha ruta. Siku mbili baadaye tiketi ilifungwa kwa neno "imetatuliwa". Nikaifungua tena, ikafungwa tena. Hatimaye mhandisi wenu mmoja akaniambia kwamba kukagua funguo za seva ni nadharia za darasani, kazini hazina muda. Itifaki ya SSH, njia ambayo seva zetu mbili huitumia kuunganishwa, aliianzisha Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995, baada ya wezi kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo chake. Ilizaliwa kwa sababu ya wizi halisi, si mtihani.

Na kuhusu muda, nimepima. Alama ya ufunguo wa seva, ile inayoanza na SHA256, ina herufi 43. Jumatatu nilimpigia mhasibu wetu wa Dodoma, mama mtu mzima ambaye hajawahi kugusa amri ya Linux maishani mwake. Nilimwelekeza akae mbele ya skrini ya seva yenyewe, nikamtajia cha kuandika, akanisomea: S kubwa kama Singida, k ndogo kama kuku, saba, alama ya kujumlisha. Alicheka njia nzima. Tulimaliza chini ya dakika nne, na alama aliyoisoma ikalingana na ile niliyoiona Morogoro. Dakika nne, Ndugu Mkurugenzi, kwa kazi mliyoitoza milioni na zaidi.

Mnajua pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sisi ndio wakusanyaji wa taarifa hizi na ninyi mmeingia kama wachakataji. Mwalimu mstaafu ambaye taarifa za mkopo wake zitazagaa hatakuja Dar es Salaam kuwatafuta. Atakuja dirishani kwetu.

Kwa hiyo tunadai kazi irudiwe bila malipo ndani ya siku kumi na nne. Ufunguo huo wa wote uondolewe kwenye seva zetu zote mbili, nanyi muwaarifu kwa maandishi wateja wengine wanaouchangia. Ufunguo mpya utengenezwe kwenye mashine itakayoutumia, na nusu yake ya siri isitoke humo, si kwa barua pepe, si kwa WhatsApp, si kwa flashi. Alama za seva zithibitishwe kwa simu mbele yangu, na ukaguzi uwashwe ili seva isiyojulikana ikataliwe. Morogoro isiwe na uwezo wa kuingia Dodoma kabisa: Dodoma ndiyo ije kuchukua, kwa akaunti ya kusoma tu, kutoka anwani moja, ufunguo ukiruhusu amri moja tu. Nakala za siku 30 zibaki huko mahali ambapo Morogoro haifiki. Kisha turejeshe daftari moja kutoka Dodoma, tulilinganishe na la hapa, ndipo nisaini. Safari hii nitakagua kabla ya kusaini.

Kuhusu ile shilingi 1,850,000, bodi imeniagiza niwaombe mapendekezo yenu ya kurejesha sehemu yake kabla haijalipeleka suala kwa mwanasheria.

Seva ya Dodoma nimeagiza ichomolewe waya wa mtandao tangu Jumatano. Kwa sasa nakala inasafiri kila Ijumaa kwenye diski iliyosimbwa, ndani ya bahasha iliyofungwa, mkononi mwa dereva wa ofisi.

Wenu,

Ofisa TEHAMA

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Meneja wa Tawi, Dodoma.